Mzee na Mnyapara

Mtu aingiapo katika ofisi za wilaya pale Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kaskazini ya mji wa Tabora, huenda akalisikia neno mzee mara tatu kabla hajapewa kiti. Mara ya kwanza ataamkiwa yeye mwenyewe, ikiwa kichwa chake kina mvi: "Shikamoo, mzee." Mara ya pili ataambiwa asubiri kidogo kwa sababu mzee yumo ndani na wageni, na mzee huyo ni mkuu wa idara, ambaye pengine hajatimiza miaka 40. Mara ya tatu atawasikia vijana wawili wa rika moja wakiitana mzee barazani, kwa utani na mapenzi. Neno ni moja, lakini watu hawa hawana umri mmoja, wala cheo kimoja, wala haki moja.

Wale wapendao usafi wa lugha husema kwamba matumizi ya pili na ya tatu ni uharibifu, na kwamba mzee wa kweli ni mwenye miaka mingi tu. Wengine hujibu kwamba neno ni mali ya walisemao. Wakiridhika wao, hapana wa kulalamika. Rai zote mbili zina upungufu. Ya kwanza husahau kwamba neno mzee halikuwa la umri peke yake hata zamani. Ya pili husahau kwamba neno la heshima huwa limebeba wajibu ndani yake, na wajibu ukiondoka, neno halibaki kama lilivyokuwa. Ushahidi wa jambo hili hauhitaji kutafutwa mbali. Uko huko huko Unyamwezini, katika neno jingine lililokuwa na maana ya mzee, ambalo leo ni watu wachache sana wangependa kuitwa. Neno hilo ni mnyapara.

Kwanza yafaa neno mzee lenyewe lipimwe. Katika Kiswahili lina maana nne zinazokaa pamoja bila kugombana. Mzee ni mtu aliyeishi miaka mingi. Mzee ni mzazi: mtu asemapo kwamba wazee wake wako kijijini, hasemi habari za umri, anasema habari za baba na mama. Mzee ni mhenga, mtu wa kale aliyetangulia, ambaye ada na mila zimetoka kwake. Tena mzee ni mtu wa shauri: isemwapo kwamba wazee wa mji wamekutana, hapana afikiriye kwamba kila mwenye mvi alikuwapo, hufikiriwa wale ambao neno lao hungojwa kabla jambo halijakatwa.

Katika maana hizi nne, ni moja tu ihesabuyo miaka. Nyingine zahesabu uhusiano. Mzazi ni mzazi wa mtu fulani, mhenga ni mhenga wa ukoo fulani, na mtu wa shauri ni wa mji fulani. Kwa hiyo mzee si sifa aliyo nayo mtu akiwa peke yake, kama urefu au weusi. Ni nafasi aliyo nayo mbele ya watu, na nafasi hiyo ina deni. Lugha yenyewe yaonyesha tofauti hii katika maneno yaliyo jirani. Kitu kilichotumika sana huitwa kikuukuu: nguo kuukuu, jembe kuukuu. Mti wa siku nyingi huitwa mkongwe. Nguo haiitwi nzee, wala jembe haliitwi zee, ila kwa mzaha, maana nguo na jembe havina watu wa kuvitegemea kwa shauri. Hata sauti ya neno kuukuu ina fundisho lake: ni neno kuu lililotajwa mara mbili. Ukuu wa mara moja ni cheo, lakini ukuu uliorudiwa pasipo kazi umekuwa uchakavu.

Methali isemayo kwamba palipo na wazee hapaharibiki neno hutajwa mara nyingi ili kuwanyamazisha vijana. Lakini aisomaye kwa makini ataona kwamba haikusema kuwa mzee hakosei. Imewataja wazee kwa wingi, wala haikumtaja mzee mmoja. Tena imeanza kwa mahali, palipo. Salama ya neno imewekwa katika kuwapo kwao pamoja, mahali panapojulikana, ambapo mmoja akipotoka mwenziwe atamrudi. Mzee aliyejitenga na wenziwe na kuamuru peke yake hana dhamana ya methali hii. Yuko nje ya sarufi yake.

Sasa na tuligeukie neno mnyapara. Wasukuma humwita mzee namhala, na wingi wake ni banamhala. Wanyamwezi, ambao lugha yao ni ndugu ya karibu sana, wana neno lilo hilo kwa tofauti ndogo ya kutamka. Mwenye kujua Kiswahili peke yake hawezi kuona mara moja udugu wa namhala na mnyapara, lakini sauti zinafuata kanuni. Pale ambapo Kiswahili husema pembe, Kisukuma husema mhembe; sauti ya kale iliyokuwa na m na p pamoja imelainika katika bara ile na kuwa mh, na katika pwani imechukua njia nyingine. Watu wa pwani nao waliisikia l ya Unyamwezi kama r. Hivyo neno la wazee wa Unyamwezi likaingia katika vinywa vya wafanya biashara likiwa nyampara, kisha mnyapara. Katika maandiko ya wasafiri wa karne ya 19 huonekana kwa sura mbili. Wanyapara ni wazee wa shauri katika nchi ya mtemi. Na wanyapara ni wakuu wa makundi ya wapagazi njiani. Maana hizo mbili hazikuwa za watu wawili mbalimbali. Mzee alikuwa mzee nyumbani, na aliposafiri alisafiri na uzee wake.

Ili maana hiyo ieleweke yafaa ikumbukwe safari zenyewe zilivyokuwa. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora iliko. Na kutoka hapo iligawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Msafara wa kawaida ulitumia karibu miezi mitatu kutoka pwani mpaka Unyanyembe. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, alitumia zaidi ya miezi minne. Mpagazi alichukua mzigo wa ratli 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili: merikani, kaniki na ushanga kwenda bara, na pembe kwenda pwani. Wanyamwezi walikuwa mafundi wa kazi hii. Hawakuwa watumwa wa kusukumwa. Waliifanya kwa mapatano na kwa ujira, na kwa kijana wa Unyamwezi kufika pwani na kurudi kulikuwa sehemu ya kuupata utu uzima.

Katika misafara hiyo mnyapara alikuwa na kazi nyingi. Aliwajua watu wa kundi lake kwa majina na kwa koo zao, maana mara nyingi walikuwa jamaa na majirani zake. Aligawa posho. Aliamua ugomvi wa kambini. Tajiri alipotaka mwendo mrefu kupita kiasi, ni mnyapara aliyeitwa. Na wapagazi walipokataa kuinua mizigo kwa sababu posho imepunguzwa, ni mnyapara aliyekwenda kwa tajiri kusema. Kwa hiyo alikuwa na vinywa viwili. Kwa kimoja aliwaambia vijana neno la tajiri, na kwa cha pili alimwambia tajiri neno la vijana. Na msafara ulipokwisha hakuwa na mahali pa kujificha. Kijiji kilikuwa chake, na kijana aliyeachwa njiani alikuwa na mama wa kuuliza.

Hapa ndipo penye kipimo ambacho insha hii inakusudia kukitumia. Kwa kila mtu aitwaye mzee, au aitwaye kwa neno lolote lenye maana ya mzee, yafaa kuulizwa maswali matatu. Nani aliyemweka? Anamsemea nani? Ataulizwa na nani? Mnyapara wa Unyamwezi wa zamani alijibu vizuri maswali yote matatu. Aliwekwa na umri wake na imani ya watu wake. Aliwasemea walio chini yake kwa walio juu, na kinyume chake. Aliulizwa na wale wale aliowaongoza.

Kisha mambo yakabadilika, na neno likabadilika pamoja nayo. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara iliyokuwa ikienda kwa mabega ikaanza kwenda kwa magurudumu. Mara baadaye ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wapagazi walihitajiwa tena kwa maelfu mengi, lakini sasa walikusanywa kwa amri na si kwa mapatano, na aliyewasimamia aliwasimamia kwa niaba ya jeshi. Vita vilipokwisha, watu wa Unyamwezi na Usukuma walikwenda kwa wingi katika mashamba ya katani ya upande wa Tanga. Huko mtu aliandikwa kwa namba, hata wafanya kazi hao wakaitwa manamba. Mnyapara wa shamba la katani hakuwa lazima awe jamaa yao, wala mkubwa wao kwa umri, wala mtu wa kijiji chao. Aliwekwa na mwenye shamba, alipimwa kwa kazi iliyomalizwa, na aliweza kuondolewa na mwenye shamba peke yake. Kinywa kimoja kilikuwa kimefungwa.

Kutoka shambani neno lilikwenda mbali zaidi. Katika Kenya, mnyapara alikuwa msimamizi wa vibarua katika mashamba ya walowezi. Katika magereza, nyapara ni mfungwa aliyewekwa na wakubwa wa gereza kuwasimamia wafungwa wenziwe, na watu wengi wa leo hawalijui neno hili kwa maana nyingine. Katika Luganda neno nnampala, ambalo sura yake inafanana sana na la Unyamwezi, ni msimamizi wa kazi; na huko Kampala mbunge mwenye kazi ya kuhakikisha kwamba wabunge wa upande wa serikali wanahudhuria na kupiga kura kama itakiwavyo huitwa nnampala wa serikali. Hii ni kazi ya heshima na ni halali. Lakini aitazamaye kwa kipimo cha maswali matatu ataona kwamba hata katika jumba la Bunge neno limeendelea kumtaja mtu anayewaongoza wenziwe kwa neno lililotoka juu.

Msomaji aweza kusema kwamba hii ni ajali tu ya maneno, na kwamba maneno ya bara yalipoingia katika Kiswahili yalishuka kwa sababu ya dharau ya watu wa pwani. Hoja hii ina nguvu kidogo. Ni kweli kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo maneno ya bara yakawa kama wageni katika nyumba ya mwenyewe. Lakini si wageni wote waliokaa jikoni. Neno ikulu limetoka katika lugha za bara hiyo hiyo ya Wanyamwezi na Wasukuma, ambako lilikuwa jina la makao ya mtemi. Na leo Ikulu ni nyumba ya Rais wa Jamhuri, na herufi yake ya kwanza huandikwa kubwa. Maneno mawili yaliondoka katika nchi moja. Neno la nyumba ya mtawala limepanda hata kileleni, na neno la wazee waliomshauri mtawala limeteremka hata gerezani. Asili yao haiwezi kueleza tofauti hii, maana asili ni moja. Kinachoeleza ni kwamba nyumba ya mtawala ilipata mtawala mwingine wa kukaa ndani yake, lakini nafasi ya mshauri, yule mwenye vinywa viwili, haikupata wa kuijaza. Watawala wa kikoloni walimhitaji msimamizi. Hawakumhitaji mzee.

Hapa kuna lawama ya haki kwa kamusi. Frederick Johnson na Kamati ya Lugha walipotoa kamusi yao kubwa mwaka 1939, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kazi zote mbili zilikuwa za manufaa makubwa, na hakuna mwanafunzi wa lugha asiyekuwa na deni kwao. Lakini kamusi kwa desturi yake humweleza mtu kwa kazi aifanyayo siku kamusi inapoandikwa. Mnyapara akiwa kiongozi wa wapagazi, kamusi itasema hivyo. Akiwa msimamizi wa vibarua, itasema hivyo. Akiwa mfungwa, itasema hivyo. Kila maelezo ni kweli kwa siku yake. Yakisomwa kwa kufuatana, lakini pasipo neno mzee mwanzoni, humfanya msomaji aamini kwamba mnyapara alizaliwa na fimbo mkononi. Maelezo yasiyo na mwanzo huwaficha wale waliofanya mabadiliko.

Basi na turudi kwa neno mzee pale Isikizya, tukiwa na kipimo chetu. Wa kwanza kupimwa ni wale vijana wa barazani waitanao mzee. Hao ndio wanaolaumiwa sana na wapendao usafi wa lugha, lakini hao ndio wasio na hatari. Hakuna aliyemweka mwenziwe, hakuna amsemeaye mwingine, wala hakuna wa kuulizwa. Ni utani, na utani wa Unyamwezi unajulikana pwani na bara. Kijana anapomwita rafiki yake mzee anakopa heshima kwa muda na kuirudisha kabla ya jua kutua. Neno halipungukiwi na kitu.

Mkuu wa idara ni mashaka makubwa zaidi. Karani anaposema kwamba mzee amekataa, maneno yamekwisha. Mwenye shida huinuka na kwenda zake. Kama angesema kwamba afisa amekataa, mtu angeweza kuuliza: kwa sheria gani? Afisa huulizwa sheria. Mzee haulizwi, kwa sababu kumhoji mzee ni utovu wa adabu. Hivyo neno la heshima ya nyumbani limeletwa ofisini na kuwekwa kama komeo mlangoni. Aliyemweka mtu huyo ni barua ya uteuzi; anayemsemea, mara nyingi, ni aliye juu yake; na ataulizwa na huyo huyo aliye juu. Majibu haya ni yale yale ya mnyapara wa shamba la katani. Hii haina maana kwamba mkuu huyo ni mtu mbaya, au kwamba hana haki ya kuheshimiwa. Cheo chake kina majina yake, na majina hayo yanatosha. Tena yako mafungu ya watumishi wa serikali waliopata jina la mzee kwa haki wakiwa bado vijana, kwa kuwa watu wa chini waliwaona wakiwasemea. Kinacholaumiwa hapa ni kuitumia adabu ya mtoto kwa mzazi ili kukwepa jawabu ambalo raia anastahili kulipata.

Sheria na sera nazo zimelitumia neno hili kwa njia zao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 au zaidi. Hesabu hiyo ni ya lazima, kwa maana serikali haiwezi kutoa matibabu au msaada kwa kukisia mvi. Ila yafaa ionekane kwamba hesabu hiyo inasema habari za kile mzee anachostahili kupewa, nayo haisemi lolote juu ya kile anachodaiwa. Ni nusu moja ya neno.

Nusu ya pili inaonekana katika mabaraza. Katika mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2002, mwenyekiti huketi pamoja na watu waitwao wazee wa baraza, nao hutoa maoni yao kabla hajatoa hukumu. Sheria haimfungi mwenyekiti kwa maoni hayo. Lakini akitofautiana nayo inampasa aeleze sababu. Kifungu hiki ni kidogo, nacho kina hekima kubwa kuhusu neno mzee kuliko hotuba nyingi. Mzee hapa hana fimbo. Hawezi kumlazimisha mtu. Ana haki moja tu, kwamba neno lake lisipitwe kimya kimya. Huu ndio uzee wa mnyapara wa kwanza, aliyekwenda kwa tajiri na neno la wapagazi: tajiri aliweza kulikataa, ila hakuweza kujifanya hakulisikia.

Linabaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika sarufi ya Kiswahili neno mzee halina jinsia. Mwanamume ni mzee na mwanamke ni mzee. Katika matumizi sivyo. Isemwapo kwamba wazee wameitwa, masikio mengi husikia wanaume. Mwanamke wa miaka ile ile huitwa bibi, na hilo ni jina zuri. Lakini akiwa maskini, mjane, au mwenye sura ya kuchoka, ataitwa kizee, au ajuza, au kikongwe. Neno kikongwe, kwa kamusi, laweza kumhusu hata mwanamume. Lakini kwa miaka mingi magazeti ya Tanzania yameandika habari za mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na Unyamwezi, na kila msomaji amejua kwamba walioitwa hivyo walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake walioshukiwa uchawi. Mara nyingine ushahidi uliotajwa ni macho mekundu tu. Mwanamke aliyepika miaka 50 kwa kuni na kwa samadi kavu ya ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, atapata wapi macho meupe?

Haitakuwa kweli kusema kwamba neno linaua. Panga linauawa nalo mtu, na nyuma ya panga mna hofu, na ugomvi wa mashamba, na urithi, na maradhi yasiyoelezwa. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na haijamaliza hofu hiyo. Lakini mwenye kuchunguza lugha ana wajibu wa kusema aonavyo: mwanamke akiisha kuitwa kikongwe, ameondolewa katika wale ambao palipo nao hapaharibiki neno. Kiambishi ki- kimemweka pamoja na vitu. Haitwi shaurini, hana wa kumsemea, naye hamsemei mtu. Mnyapara aliharibika kwa kupewa fimbo na kunyang'anywa kinywa kimoja; kikongwe amenyang'anywa vinywa vyote viwili, na fimbo imekuwa mkononi mwa wengine. Hizi ni njia mbili za kuliua neno mzee, na zote mbili zimepita katika nchi moja.

Dawa haiko katika kamusi peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwisha kuonyesha njia, kwa kuagiza kwamba baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Sheria hiyo haikungoja lugha ibadilike. Lakini lugha yaweza kuifuata. Hapana kanuni yoyote ya Kiswahili imkatazayo mtu kusema mzee fulani, akimtaja mwanamke aliyelea, aliyelima, na ambaye neno lake hungojwa nyumbani kabla mahari haijapokelewa. Kinachokataza ni mazoea, na mazoea ya maneno hubadilika kwa kusemwa.

Kuna atakayesema kwamba kudai wajibu kwa kila aitwaye mzee ni kuwatwika watu waliochoka mzigo mwingine. Jawabu ni kwamba heshima si utumwa, na wajibu unaozungumzwa hapa si kazi ya mikono. Mtu wa miaka 80 aketiye chini ya mwembe bila kuinuka bado anaweza kuulizwa mpaka wa shamba ulipita wapi, na nani alimwoa nani, na ugomvi wa mwaka ule uliamuliwaje. Aulizwapo na jibu lake likasikilizwa, yu mzee. Asipoulizwa tena na mtu, hata akiamkiwa shikamoo mara 100 kwa siku, ameanza kuwa kuukuu.

Kwa hiyo mwenye kuandika kamusi ijayo, akifika katika herufi M, hana budi kufanya mambo mawili madogo. Penye mzee aandike kwamba ni mwanamume au mwanamke, na atoe mfano wa mwanamke. Na penye mnyapara, kabla ya msimamizi wa vibarua, na kabla ya mfungwa awasimamiaye wafungwa, aandike maana ya kwanza, ile waliyoijua watu wa Uyui na Unyanyembe kabla ya reli: mzee.